Minawo, Wifi Yake na Shamba la Chaza

Minawo wa Dzokpota hakuwa mwanamke mbaya. Nalisema hili mapema, maana wako wanaoharakisha kuhukumu, na wengi wao hawajawahi kushushwa mtoni kwa kamba iliyoshikwa na mtu mwingine. Alikuwa mtu wa shaka, basi. Ukimpa muhogo aliunusa kwanza. Ukimsifu mtoto wake alimvuta akamficha nyuma yake. Ukimwamkia vizuri kupita kiasi, siku nzima alikaa akijiuliza umemfanyia nini.

Shaka hiyo hakuzaliwa nayo. Mume wake alipokufa kwa homa, ndugu za marehemu walikuja kulia, na walilia vizuri, sina neno nao. Lakini matanga yalipokwisha, mtumbwi haukuonekana, nyavu hazikuonekana, na hata chungu alichotoka nacho kwa mama yake hakikuonekana. Hakuna aliyechukua kitu. Wote walikuwa na huzuni. Minawo akarudi kwa kaka yake, Agbeko, na watoto wawili na mkeka mmoja, na tangu siku hiyo aliamini kwamba mtu akikulilia, usitazame machozi yake, tazama mikono.

Agbeko alikuwa fundi wa kuchonga mitumbwi, mtu wa maneno machache, na nyumba yake kusema kweli ilikuwa ya mke wake, Adzovi. Huyo Adzovi alikuwa mwanamke wa mwili, mwenye kicheko kilichosikika hadi ng'ambo. Alimpokea wifi yake vizuri, akamkatia uwanja wa kujenga kibanda, kisha akafanya jambo lililozungumzwa na kijiji kizima. Alichukua shamba lake la mtoni, akasimika miti katikati, akampa Minawo nusu.

Shamba la mtoni kwa wanawake wa Amu, huo mto ambao wageni huuita Volta, ni shamba kweli. Kiangazi wanawake huzamia chaza huko katikati kwenye kina. Wakubwa huenda chunguni, wadogo huletwa karibu na ukingo, kila mwanamke akawapanda mchangani ndani ya mipaka yake ili wanenepe. Akiba hiyo huvunwa mwisho wa kiangazi, ikachemshwa, ikakaushwa kwa moshi, nayo ndiyo huliwa na kuuzwa miezi ya gharika, wakati mto umechafuka na hakuna anayeweza kuzamia. Mwenye shamba hafi njaa. Asiye na shamba huenda juu mtoni kuwazamia wenzake kwa ujira, watoto akawaacha kwa jirani, na wengine hawakurudi na akili zao zote.

Kwa hiyo nusu ya shamba lilikuwa jambo kubwa. Minawo alishukuru, akapiga magoti kama inavyotakiwa. Kisha usiku akalala akiwaza kwa nini amepewa nusu ya chini na si nusu ya juu.

Wanawake huzamia wawili wawili. Mmoja hushuka na jiwe mkononi na kikapu begani, kamba imefungwa kiunoni. Mwenzake hubaki kwenye mtumbwi ameishika kamba hiyo, akisikiliza kwa vidole. Aliye chini akivuta mara moja, wa juu humtoa. Wakichoka hubadilishana. Minawo na Adzovi walikuwa wa kamba moja kwa muda wa miaka minne, na katika miaka hiyo Adzovi hakuwahi kuchelewa kuvuta. Minawo alilijua hilo. Alijua pia kwamba mwizi mwerevu huanza kwa kuaminiwa.

Mwaka ninaousema, mto ulikosa adabu. Kawaida mvua za kaskazini huujaza Amu, ukapanda kingo, ukaingia nyikani hadi kwenye mashina ya mivumo, kisha ukarudi taratibu ukiacha madimbwi ya samaki na mchanga mpya. Gharika ndiyo huamua nani akae mtoni na nani aondoke. Maji matamu yanaposhuka kwa nguvu huisukuma chumvi hadi baharini, na viumbe vya chumvi huondoka nayo. Kiangazi chumvi hurudi ikinyata, lakini huko Dzokpota ilizoea kufika kama mgeni asiyeketi, ikachungulia ikaondoka.

Mwaka huo gharika haikuja. Mto ulinyanyuka kidogo kama mzee anayetaka kusimama, ukaketi tena. Upepo wa vumbi ukawahi, nyasi zikaungua, na wanawake wakaanza kuonja chumvi kwenye maji ya kunywa. Ndipo sura za mtoni zikabadilika. Konokono wadogo weusi waliokuwa wakijaa kwenye matete wakatoweka. Chaza wa baharini, wale wa kung'ang'ania, wakajibandika kwenye miti ya mipaka. Wakaja kaa ambao watoto hawakuwajua majina. Wakaja na konokono wakubwa wa kahawia, wenye ganda nene lililochongoka na manyoya juu yake kama kidevu cha mtu aliyesahau kunyoa. Wanawake waliwakuta kwenye vikapu wakacheka, wakawaita waume wa pwani.

Desturi ya mto huo ni kwamba kisicholiwa hurudishwa. Tena hakirudishwi ovyo. Unakipeleka kwa mtumbwi hadi katikati, ukakiachia ukisema, "Nenda kwa wenyewe." Adzovi alifanya hivyo, hata akiwa amechoka. Minawo hakuwa na subira. Alikuwa na watoto wawili wa kulisha na kikapu cha kujaza. Akichambua kikapu ukingoni, alipomkuta mume wa pwani alimtupa nyuma ya bega bila kugeuka, na nyuma ya bega lake ndiko kulikokuwa na shamba la wifi yake. Hakuwa na nia mbaya. Hakuwa hata na nia.

Katikati ya kiangazi aliingia shambani kwake, akapapasa mchanga kwa nyayo kama ilivyo kawaida, na nyayo hazikukuta zilichozoea. Akapiga mbizi akapapasa kwa mikono. Chaza wake walikuwa wamepungua. Walikuwepo hapa na pale, lakini baina yao kulikuwa na maganda matupu, yamefunguka wazi, ndani yamelambwa safi. Alitoka majini na kiganja kimejaa maganda, akakaa ukingoni akiyageuza.

Sasa tazama akili ya mtu mwenye shaka inavyofanya kazi. Mwingine angesema chaza wamekufa. Minawo alisema mwizi huyu ana akili: anawafungulia papo hapo chini ya maji, anachukua nyama, maganda anayaacha ili lundo la nyumbani kwake lisiongezeke watu wakauliza. Na nani aliyeingia majini na kisu kifupi kiunoni? Adzovi. Nani aliyekaa chini muda mrefu kuliko wanawake wote wa Dzokpota? Adzovi. Nani aliyejua kila shimo la nusu ile ya shamba, kwa kuwa ilikuwa yake? Kikulacho ki nguoni mwako, Minawo alijiambia, na akahisi furaha ile chungu ya mtu aliyekuwa akingoja jambo baya na jambo limefika.

Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa ushahidi. Adzovi akipika mchuzi wa bamia, Minawo alinusa moshi akasikia chaza. Adzovi akinyamaza, alikuwa na siri. Akicheka, alikuwa anamcheka yeye. Na ni kweli kwamba Adzovi alikuwa amebadilika. Kicheko kilikuwa kimepungua, na mara kadhaa Minawo aligeuka ghafla akamkuta wifi yake anamtazama kwa jicho la pembeni. Mwizi hana raha, alijiambia.

Lakini kubwa lilikuwa kamba. Kila asubuhi alifunga kamba kiunoni, akampa Adzovi ncha ya pili, akashuka gizani. Mchawi mpe mwana akulelee, watu husema, na huenda ni busara kwa anayebaki nchi kavu. Minawo huko chini aliwaza: huyu akijua kwamba namjua, itamgharimu nini kuchelewa kidogo? Atalia tu. Atalia vizuri. Basi akaanza kupanda kabla pumzi haijaisha, kikapu nusu. Akaanza kushuka na kisu. Mavuno yakapungua, na jioni watoto walipewa ugali mwingi na mchuzi kidogo.

Siku moja alivuta na kamba haikukaza. Akavuta tena. Alipotokea juu alikuwa amemeza maji, macho yamemtoka. Adzovi alikuwa amepiga magoti kwenye mtumbwi, anahangaika na kamba iliyonasa kwenye gogo lililozama, chaza wa baharini wakiwa wameikata nusu kwa kingo zao kali. Alimwonyesha. Alimfuta maji usoni. Minawo aliitazama ile kamba iliyokatika nusu, kisha akamtazama wifi yake. Jioni ile alikwenda kwa Bibi Agbodza.

Bibi Agbodza alikuwa mkuu wa wanawake wa chaza, na yeye ndiye aliyekata mashauri ya mtoni. Alimsikiliza Minawo huku akipepeta gari, ule unga wa muhogo uliokaangwa, hakuacha kupepeta. Minawo akaeleza yote, maganda, kisu, mchuzi, kamba. Alipokwisha, bibi akauliza swali moja, kama amemwona Adzovi kwa macho yake akiingia shambani kwake. Minawo akasema hajamwona, ila anajua.

"We mtoto," Bibi Agbodza akamwambia, "kujua bila kuona ni kuota ndoto. Shauri la watu wa kamba moja halichezewi. Mwizi akipatikana anatoka mtoni maisha yake yote. Na ukimsingizia, unatoka wewe. Baada ya soko tutakaa. Niletee jicho, au usije na mdomo."

Minawo alitoka pale akijua mambo yalivyo. Asipomkamata, shamba litakwisha na gharika itamkuta mikono mitupu. Ataondoka kwenda juu kuzamia kwa ujira, na watoto wake watakula kwa huruma ya mke wa kaka. Akimkamata, atakuwa amembomolea kaka yake nyumba. Alilipima hilo njia nzima. Alipofika mlangoni alikuwa ameamua kumkamata.

Mto una siku yake ya kupumzika. Siku hiyo, inayofuata soko, hakuna mwanamke anayekanyaga hata ukingoni. Anayekiuka hutoa mbuzi na pombe na haweki mguu majini hadi msimu uishe. Minawo alifikiri kama mwizi, na kazi hiyo, Mungu amsamehe, hakuiona ngumu. Akaona kwamba siku ya kuiba ni siku ambayo hakuna wa kukuona. Basi asubuhi ya siku ile, wengine walipokuwa bado wanahadithiana ya sokoni, alizunguka nyuma ya mashamba ya muhogo, akatambaa hadi kwenye matete mbele ya shamba lake, akajilaza matopeni kungoja.

Jua likapanda. Mbu wakamfanyia karamu. Mto ulikuwa kimya, haukuwa na mtumbwi wala sauti. Adhuhuri ilipokaribia, matete ya upande wa pili wa miti ya mpaka yakatikisika. Akatokea mwanamke wa mwili, tope hadi shingoni, akinyoosha mgongo kwa maumivu. Alikuwa Adzovi.

Minawo akainuka. "Leo nimekuona," alisema kwa kunong'ona. "Kwa macho yangu haya."

"Umeniona nafanya nini?" Adzovi naye akanong'ona, mikono kiunoni. "Nimelala matopeni kama wewe. Mimi ndiye niliyekuona."

"Nimekuja kulinda changu."

"Na mimi nimekuja kuliwa na mbu kwa raha zangu, siyo?"

Hawakuweza kupaza sauti. Sauti ingeleta watu, na watu wangeleta mbuzi wawili. Basi wakagombana kwa kunong'ona, ugomvi mkubwa kuliko wote waliowahi kugombana, vidole vikirushwa, mate yakitoka, na ukiwa hatua kumi ungedhani wanaombeana dua.

"Shamba lako lina nini?" Adzovi akauliza. "Sema."

"Maganda. Unayajua, uliyaacha wewe."

"Basi una heri wewe, una maganda machache. Njoo uone langu. Mimi nilikupa nusu ya shamba, wifi, na wewe ukaona haitoshi. Nilimwambia kaka yako, dada yako ananimaliza. Akaniambia mjane hasemwi."

"Na kisu? Nani anaingia na kisu?"

"Kisu ni cha kukata kamba ikinasa. Nani anafungua chaza chini ya maji, wewe Minawo? Nina mapezi mimi?"

Hilo la mapezi lilimgusa Minawo mahali. Alijaribu kumwona Adzovi, na mwili ule, chini kule gizani akifungua chaza mmoja mmoja kwa kisu huku pumzi ikimwisha, na kwa mara ya kwanza picha ile haikukaa sawa. Akageuza uso kutazama mto ili asimtazame wifi yake.

Siku nyingine zote maji ya ukingoni huvurugwa na miguu ya wanawake tangu alfajiri. Siku ile hayakuwa yameguswa. Jua lilikuwa utosini, na maji yalikuwa wazi hadi chini, mchanga unaonekana punje kwa punje. Katika maisha yao yote wanawake wale wawili hawakuwahi kuliona shamba lao. Walilijua kwa nyayo na vidole.

Wakaliona. Lilijaa waume wa pwani. Walikuwa wametapakaa mchangani, wanatembea polepole, kila mmoja akiacha mfereji nyuma yake. Karibu kabisa na ukingo mmoja alikuwa amemkumbatia chaza kama mlevi anavyokumbatia chupa. Alikuwa ameingiza ukingo wa ganda lake kwenye mdomo wa chaza, anabana, anangoja. Wanawake wakalala kifudifudi, vichwa vimegusana, wakatazama. Ilichukua muda mrefu. Chaza alichoka. Konokono akaingiza kitu chake kama mrija, na walipoondoka pale kulikuwa na ganda moja zaidi tupu, limelambwa safi.

"Hao ndio wezi," Adzovi akasema taratibu. Akatazama upande wake, akatazama upande wa Minawo. "Lakini kwa nini kwangu wamekuwa wengi hivi? Nimewapeleka wote katikati ya mto, kila siku."

Minawo aliwaona upande wa wifi yake wamesongamana, wengi kupita hesabu, na wengine wachache wamevuka miti ya mpaka kuja kwake, wakirudi walikotoka. Bega lake la kulia lilianza kumwasha. Alisema tu kwamba warudi nyumbani kabla hawajaonekana, kila mtu njia yake.

Usingizi haukuja. Aibu ingemfaa, na aibu ilikuwepo, lakini ilipata jirani. Aliwaza kwamba Adzovi atasema. Kesho wanawake wanakaa, na anayesema kwanza ndiye anayechagua mwenye makosa. Atasimama aseme, nilimkuta Minawo mtoni siku ya mapumziko. Akiwa na akili kidogo ataongeza kwamba ni Minawo aliyewajaza konokono. Mimi ningesema, Minawo aliwaza. Na kwa kuwa yeye angesema, hakuona namna mwingine angenyamaza.

Wanawake walikaa juu ya lundo la maganda nyuma ya jiko la Bibi Agbodza, mahali wanapokaa siku zote. Kabla bibi hajafungua mdomo, Adzovi akasimama. Minawo akashika ardhi kwa mikono miwili.

"Bibi, na wenzangu," Adzovi akasema. "Jana nilikwenda mtoni. Nilikwenda peke yangu. Nilikuwa na shaka shamba langu linaibwa, nikakosa subira. Nimeona mwenyewe. Waume wa pwani wanakula chaza wetu. Wamemaliza kwangu, wataingia kwa wote. Mkiwarudisha mtoni, hata katikati, watarudi, maana mto wenyewe mwaka huu ni wao. Watoeni nchi kavu. Mbuzi nitatoa."

Makelele yakainuka, wengine wakitaka kujua zaidi, wengine wakimlaani kwa kuvunja siku ya mto. Bibi Agbodza akawanyamazisha kwa mkono. Hakumtazama Adzovi. Alimtazama Minawo.

"Wewe ulikuwa na neno," alisema. "Jicho umelipata?"

Palikuwa na nafasi pale. Ilikuwa nafasi ya kusema na mimi nilikuwepo, ya kutoa mbuzi wa pili, ya kusema niliwatupa mimi. Minawo aliiona nafasi ile wazi kama alivyouona mchanga jana yake.

"Sina neno, Bibi," alisema.

Siku zilizofuata Dzokpota nzima iliokota waume wa pwani. Waliwamwaga nyikani kwa vikapu, bata wakanenepa. Nusu ya akiba ya kijiji ikaokoka, na shamba la Minawo, lililoingiliwa mwisho, likabaki na kitu cha kuwavusha watoto wake gharika. La Adzovi halikubaki na kitu. Adzovi alitoa mbuzi, na akapigwa marufuku kuweka mguu majini hadi msimu uishe. Kukaa kwenye mtumbwi aliruhusiwa. Kushika kamba aliruhusiwa.

Kwa hiyo walirudi mtoni, wawili kama zamani, ila sasa wa kushuka alikuwa mmoja tu, akizamia nyumba mbili. Minawo alishuka na kupanda, na kila alipopanda alimchunguza wifi yake usoni. Alikuwa akitafuta faida. Huyu amebeba mzigo wangu, anataka nini? Anataka nimtumikie? Anataka siku moja anikumbushe mbele ya watu? Alitafuta kama mtu anayechambua mchele akiwa na hakika kwamba kuna jiwe. Hakulipata jiwe, na hilo lilimtesa kuliko angelipata. Alikonda. Usiku alisikia kicheko cha Adzovi kwa Agbeko, kimerudi, na hakujua la kufanya nacho.

Asubuhi moja, wakiwa kwenye kina, kamba imekwisha fungwa na jiwe liko mkononi, alishindwa kushuka. Akakaa ukingoni mwa mtumbwi, miguu majini, mgongo kwa Adzovi.

"Wifi," alisema. "Wale konokono wa kwako. Niliwatupa mimi. Msimu mzima. Sikuwapeleka katikati, niliwatupia kwako."

Mtumbwi ukayumba kidogo, ukatulia.

"Najua," Adzovi akasema. "Nilikuwa nakuona, hata siku ile nilipokuuliza."

Minawo akangoja. Alingoja tusi, alingoja kilio, alingoja hata kicheko. Adzovi alikuwa anaizungusha kamba kiganjani, polepole, kama afanyavyo kila siku.

"Shuka," akasema mwishowe. "Jua linapanda."

Ndipo Minawo akaingiwa na hofu ya kweli. Msimu mzima alikuwa amemwogopa mtu asiyekuwa na sababu ya kumdhuru. Sasa sababu ipo, na ameitoa mwenyewe, kwa kinywa chake, kwenye kina, mahali pasipo na mtu mwingine. Aliyatazama maji. Alijua kwamba akisema leo naumwa, Adzovi atapiga kasia kumrudisha nyumbani na hatauliza kitu, na kwamba wakirudi nyumbani leo hawatakuja tena mtoni wawili.

Alichomoa kisu kiunoni akakiacha ndani ya mtumbwi. Akavuta pumzi, akashuka.

Chini kulikuwa na baridi na giza, na chaza walikuwa wengi mahali pale, mkono ulijaa kila alipopapasa. Alijaza kikapu hadi juu, jambo ambalo hakulifanya kwa miezi mingi. Kifua kikaanza kumwuma. Akabaki kidogo. Kisha akashika kamba akavuta mara moja, na kabla hajaiachia ilikuwa imekaza.